Kwa Nini Mvinje Husonya

Wapo wanaosema ule ni upepo tu. Waacheni waseme. Upepo ukipita kwenye mkorosho hausikiki hivyo, wala kwenye mnazi, wala kwenye paa la makuti. Ni kwenye mvinje peke yake unapotoka ule mlio mrefu wa mdomo uliobanwa, fyoooo, kama wa mwanamke aliyechoshwa na mtu asiyesikia. Mlio ule una mwenyewe, na mwenyewe ana jina: Mwanamize binti Kombo, mpika chumvi wa Pwaga. Na kwa kuwa jina hilo kuna waliotaka kulifuta, leo litatajwa kwanza kabla ya la mtu mwingine yeyote.

Enzi za Mwanamize miti ilikuwa bado inasema na watu, na pwani nzima ya Pwaga haikuwa na mvinje hata wa dawa. Miti yote yenye majani membamba kama sindano, ile isiyopukutisha majani mwaka mzima, iliishi pamoja juu ya mlima Kweluto, kwenye baridi. Mwangati alikuwa kule, mrefu, mnyoofu, ananukia. Mpodo alikuwa kule, na kivuli chake kizito. Mvinje naye alikuwa kule, ila yeye alikaa pembeni kwenye kokoto za korongo, nywele timtim, hakuna aliyemwangalia mara mbili.

Chini Pwaga kulikuwa na joto. Tena si lile joto kavu ambalo mtu akiingia kivulini anapumua, lilikuwa fukuto. Nguo iliyoanikwa asubuhi inashinda kambani, jioni bado mbichi. Usiku ukiingia unaondoka mwanga tu, joto linabaki pale pale. Na kila kitu kina chumvi: midomo, kuta, majani, hata ndimi za mbuzi. Katikati ya chumvi yote hiyo palikuwa na kisima kimoja cha maji matamu, na kisima chenyewe kilikuwa kinakufa. Kila kaskazi miti ya Pwaga ilipopukutisha majani, upepo wa baharini ulipita bila wa kuuzuia, ukabeba mchanga ukaumimina kisimani. Wanawake walianza siku kwa kuzoa mchanga kabla hawajaona maji. Kila mwaka mchanga uliongezeka na maji yakazidi kurudi chini. Kisima kikifukiwa Pwaga imekwisha, watu watafunga virago na kuhama. Hilo alilijua mkubwa na mdogo.

Jumbe Mwinyikondo alilijua pia, ingawa mtungi hakuwahi kuubeba. Akasema, "Tunataka ukuta wa miti isiyopukutisha majani, yenye majani membamba ya kuuchuja upepo." Hapo alisema kweli. Tumpe haki yake, maana nyingine hana.

Lakini kuchagua akataka achague mwenyewe. Akaupanda mlima Kweluto wakati wa kipupwe, asubuhi, kajifunika mashuka mawili, akamwona mwangati amesimama na umande wake, anameremeta. Akampenda pale pale. Hakuuliza anakula nini, analalaje, anaogopa nini. Akasema, "Huu ndio mti wa hadhi yangu," akaamuru ing'olewe miche sitini. Kwa Mpodo hakusimama. Kwenye korongo la Mvinje alitema mate akapita.

Miche ikashushwa, na kazi ya kuipanda akapewa Mwanamize, kwa sababu banda lake la kupikia chumvi lilikuwa hatua chache kutoka kisimani. Mwanamize akaitazama miche, akaushika udongo wa mizizi yake, ulikuwa bado wa baridi.

"Jumbe," akasema, "hii imetoka kwenye baridi. Na umesema niibananishe bega kwa bega. Hewa itapita wapi, na fukuto letu hili?"

"Wewe kazi yako kupanda," Jumbe akamjibu. "Kufikiri kuna wenyewe."

Mwanamize akapanda. Vuli ikapita salama na Jumbe akawa anatembeza wageni. Kaskazi ilipoingia, sindano zikaanza kugeuka rangi ya kutu, kuanzia ndani kwenda nje. Masika ilipomwagika juu ya joto lile, mizizi ikaoza. Ukiushika mche unakufuata mkononi kama jino la mtoto. Miche yote sitini ikafa.

Sasa sikilizeni maajabu. Watu wa Pwaga walikuwa na imani yao, na wengine mnayo mpaka leo, msijifanye. Walisema kila mtu amezaliwa na mkono wake: mwenye mkono wa baridi akipanda hata mpini wa jembe utachipua, na mwenye mkono wa moto akigusa hata mhogo utakufa. Jumbe akasimama mbele ya watu, macho makavu, akasema miti ilikuwa mizima kabisa, ilikuwa ya daraja la kwanza, aliichagua mwenyewe. "Mkono ndio mbaya. Mwanamke anashinda kwenye moto wa chumvi kutwa, mkono wake utakosaje kuwa wa moto?" Na watu, jamani, wakaitikia kwa vichwa! Watu walewale waliokula chumvi ya mkono huo tangu hawajaota meno.

Jumbe akaleta miche mingine sitini ya mwangati. Safari hii akapewa Kidawa, wifi yake Mwanamize, ambaye mchicha wake ulisifiwa Pwaga nzima. Mkono wa baridi, hakuna ubishi. Kidawa akaibananisha kama alivyoamriwa. Kaskazi ikaja, kutu ikaja. Masika ikaja, ikaoza yote. Mtadhani Jumbe alijishika tama akafikiri. Thubutu! Akasema Mwanamize alipita karibu na miche akaipiga kivuli. Ndiyo, kosa lake sasa lilikuwa kupita njiani kwenda kazini kwake. Kidawa alijua fika kwamba alipanda yeye kwa mikono yake miwili. Akainamisha kichwa, akanyamaza.

Jumbe akakata shauri. Kwa kuwa mkono wa moto unakausha maji, Mwanamize atachota wa mwisho, baada ya watu wote, kila siku, mpaka miti ya kisimani isimame.

Wa mwisho kuchota Pwaga hapati maji, anapata tope. Mwanamize alikaa mlangoni mwa banda lake, mtungi mtupu kando, akiwatazama wenzake wakipita na mitungi iliyojaa. Wengine walikuwa wakihama upande mwingine wa njia ili kivuli chake kisiwaguse. Alikuwa akikoroga chungu cha chumvi, na kila alipopita mmoja alibana midomo akasonya: fyoooo. Alipopita Jumbe na mkwaju wake wa kutembelea, alisonya mpaka pumzi ikamwisha. Alikuwa na hasira, tena hasira ya haki. Hakuwa ameulizwa neno wala kusikilizwa, amepewa mti asiouchagua akaufanyia kazi, na sasa amepewa lawama iwe yake peke yake.

Vuli ilipokaribia alijifunga kibwebwe akaupanda mlima Kweluto. Alifika kwa Mwangati mkubwa kuliko wote, akapiga goti.

"Shikamoo, mzee."

"Shikamoo yako kaa nayo," Mwangati akamwambia. "Nipe wanangu. Mia na ishirini wameteremka, wako wapi?"

Mwanamize hakutafuta maneno ya kupamba. "Wamekufa," akasema. "Wote."

Mwangati alitetemeka mpaka magome yake yakachanika vipande virefu, na mpaka leo mkimwona mwangati mlimani mtamkuta magome yamemning'inia vile vile. "Nani aliniuliza?" akanguruma. "Nani alikuja hapa akaniuliza kama tunayaweza ya huko?"

"Hata mimi sikuulizwa," Mwanamize akasema, na machozi yaliyomkataa Pwaga mbele za watu yakamtoka hapo. "Lakini mimi nimekuja kukuuliza. Utaweza kuishi kwetu?"

Mwangati akamuuliza, "Usiku wenu una baridi?"

"Hauna."

"Majani yakilowa, hukauka saa ngapi?"

"Masika yote hayakauki."

"Basi sindano zangu zitaota ukungu na mizizi itaoza, nitakufa nimesimama. Huyo mkubwa wenu alinijia kipupwe akaniona nina afya. Nina afya kwa sababu niko nyumbani kwangu. Angenijia siku moja na fukuto lenu mfukoni, ningemjibu mapema."

Mwanamize akafuta uso. Akapaza sauti mlima mzima usikie: "Natafuta wa kuja kukaa mlangoni kwangu, penye moto, mvuke na chumvi, tangu kaskazi inaanza mpaka masika inakwisha. Sitamficha mtu, ni pabaya. Atakayeshindwa aseme, nitamrudisha mwenyewe kabla hajafa."

Kisha Mwangati akasema, "Chukua wawili wangu, asije akasema ulikuwa na chuki." Mpodo akasema naye atajaribu, atatoa wawili. Kutoka kwenye kokoto za korongo ikasikika sauti ndogo, ya mtu asiyezoea kuitwa: "Na mimi umeniuliza?"

"Nimeuliza wote," Mwanamize akasema.

"Basi chukua wawili," Mvinje akasema. "Hapa nilipo sina udongo, mafuriko yananipiga, jua linanipiga kwenye mawe. Huko kwenu sijui kama patanishinda."

Mwanamize alirudi na miche sita, na kabla ya kufika bandani alipita kwa Kidawa. Hakuingia ndani. "Wifi," akasema, "wewe una mkono wa baridi na mimi nina wa moto, ndivyo walivyosema. Basi panda hii mitatu, mmoja wa kila aina. Mimi nitapanda mitatu hii. Tutaiweka pamoja mlangoni kwangu, maji mamoja, mvuke mmoja. Tuone." Kidawa hakuweza kumtazama usoni, lakini alifuata. Wakapanda kwenye vyungu sita vilivyovunjika midomo, ya Kidawa kulia, ya Mwanamize kushoto, wakaviacha mbali mbali hewa ipite.

Kaskazi ikaingia kama ilivyo ada yake. Moto wa chumvi nyuma, jua mbele, mvuke kila mahali. Hazikupita wiki tatu, mwangati wa Mwanamize akaanza kuota kutu, kuanzia ndani kwenda nje. Kidawa alikimbilia chungu chake cha kulia. Mwangati wake yeye alikuwa na kutu ile ile, siku ile ile, tawi lile lile.

Kidawa alikaa chini kwenye majivu akaigeuza geuza mikono yake. "Wifi," akasema, "mkono wa baridi uko wapi? Mwaka ule nilipanda mimi. Nilijua, na nikaacha ukabebeshwa wewe, kwa sababu niliona afadhali wewe kuliko mimi." Akalia. Mwanamize alimwacha alie vya kutosha. Alikuwa na haki hiyo. Kisha akamwambia, "Inuka tuwarudishe hawa kabla hawajafa. Nimetoa ahadi." Wakabeba mwangati wawili mpaka juu Kweluto, wakawakabidhi kwa baba yao, na baridi ya usiku wa kwanza tu ikawarudishia rangi.

Mpodo alijitahidi. Joto alilivumilia kaskazi yote, lakini masika ilipochanganyika na chumvi akaanza kuinama, akasema bila aibu, "Nimefika mwisho." Walipokuwa wakimrudisha, katikati ya mlima, mahali pa ukungu ambapo si moto si baridi, akasema, "Niacheni hapa hapa, hapa pananifaa." Ndiyo maana mpodo mnamkuta mabonde ya katikati, hakurudi kileleni wala hakuteremka pwani.

Na Mvinje? Mvinje alinenepa! Wa kulia na wa kushoto, sawa sawa. Mvuke ulipomjia aliuacha upite katikati ya sindano zake nyembamba. Chumvi aliilamba. Kwenye mchanga mtupu aliangusha visindano vichache akajitengenezea udongo wake, huku juu akibaki kijani vile vile. Msimu mzima alikaa mlangoni akiangalia watu wakimpita Mwanamize na maji, akimsikia akisonya asubuhi, mchana na jioni. Mti hauna shule nyingine isipokuwa pale ulipopandwa, na Mvinje yale ndiyo aliyoyasikia utoto wake wote.

Masika ilipokatika, wanawake wawili hawakumwambia Jumbe kitu. Walipanda tena Kweluto, wakamwomba Mvinje wanawe, akawapa kwa furaha, maana hajawahi kuombwa kitu. Wakaipanda, pamoja na ile miwili iliyokulia mlangoni, upande wa bahari wa kisima, hatua nne kati ya mti na mti, safu tatu. Mwanamize alikuwa bado anachota tope. Alilichuja kwa kitambaa, akanywa nusu, nusu akaimwagia miche.

Kaskazi ya kwanza mivinje ilifika kiunoni. Ya pili ilipita paa. Ya tatu upepo ulipokuja na mchanga wake ulikutana na ukuta wa kijani, ukachujwa, mchanga ukaanguka upande wa pili. Asubuhi moja wanawake walikwenda kisimani na majembe yao, wakakuta hakuna cha kuzoa. Maji yalikuwa juu, yanaonyesha uso. Walipiga vigelegele mpaka wanaume wakatoka majumbani wakidhani kuna harusi.

Basi hapo ndipo Jumbe Mwinyikondo aliposikia harufu ya sifa. Akaitisha watu wote kisimani, akachinja mbuzi, akavaa joho lake, akasimama chini ya mivinje mikubwa. Mwanamize alisimama nyuma kabisa na mtungi wake, kwa sababu amri ya kuchota wa mwisho hakuna aliyeiondoa. Hebu fikirini! Miaka yote hiyo, na ukuta wenyewe ameupanda yeye.

"Watu wangu," Jumbe akaanza, "mnauona mti huu. Mti huu nimeuchagua mimi, kutoka mlimani, baada ya kuchunguza sana. Kuanzia leo utaitwa Mti wa Jumbe."

Watu wakatazamana.

"Na yule mwanamke aliyetuulia miti yetu kwa mkono wake wa moto," Jumbe akaendelea, akinyoosha mkwaju kuelekea nyuma, "leo nimemsamehe."

Nimemsamehe! Mwanamize aliuweka mtungi chini. Alikuwa na vidonge vya kumpa Jumbe, amevitunza miaka mitano, na alifungua mdomo ampe kimoja kimoja. Lakini kabla neno halijatoka, upepo uliinuka kutoka baharini, ukaingia kwenye safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Na mivinje yote, mikubwa kwa midogo, ikabana midomo, ikamsonya Jumbe kwa pamoja.

Fyoooooooo.

Kila mtu aliujua msonyo ule. Walikuwa wameusikia kila siku walipopita mlangoni mwa banda la chumvi na mitungi yao imejaa. Vichwa vikainama, na safari hii si kwa kuitikia. Jumbe akakohoa, akaanza upya: "Mti huu nimeuchagua..." Fyoooooooo! Akajaribu mara ya tatu kwa sauti ya juu, mivinje ikamsonya kwa ya juu zaidi. Kidawa ndiye aliyeanza kucheka, akashika mbavu, akafuata wa pembeni yake, mpaka kisima kizima kikawa kicheko.

"Nani ameifundisha miti hii utovu wa adabu?" Jumbe akafoka.

"Imesomea mlangoni kwangu, Jumbe," Mwanamize akamjibu, bila kupaza sauti. "Ndiyo maneno iliyokulia. Na kusamehewa sikuomba. Nilichokuwa nataka ni maji."

Kidawa akafuta machozi ya kucheka, akauchukua mtungi wa wifi yake kutoka nyuma, akaupitisha mbele ya watu wote, mbele ya joho, mbele ya mkwaju, akauzamisha kisimani wa kwanza. Uliingia maji mpaka shingoni, na maji yalikuwa safi. Mwanamize alikunywa pale pale amesimama, na hakuna aliyegusa kisima mpaka alipomaliza.

Na tangu siku hiyo mwangati amebaki mlimani na magome yake yaliyochanika, mpodo yuko katikati kwenye ukungu, na mvinje ndiye aliyekuja kukaa na sisi kwenye fukuto. Tangu siku hiyo wanawake wa Pwaga hawapandi mti mgeni mpaka umeshinda mlangoni mwa banda la chumvi kaskazi moja na masika moja, na wakiupanda wanaupa nafasi ya kupumua. Mpika chumvi ndiye anayechota wa kwanza. Na akija mkubwa na miche yake mizuri aliyoipenda kwa macho, akasimama chini ya mivinje kutuhutubia alivyotuchagulia, msihangaike kumjibu. Mwacheni aanze tu.